Manowari ya Kentucky: Tathmini ya Ziara ya Kaburi la Man o' War

Kwa miaka kadhaa niliendesha gari katika barabara ya Man o' War, ile inayoupitia mji wa Lexington upande wa kusini, bila kujiuliza jina lake limetoka wapi. Wengi wetu tuliofika hapa kutoka mashariki ya Kongo tunaipita kila siku tukienda kazini, kanisani au sokoni, na jina hilo tumelizoea kama mtu anavyozoea mlio wa saa ya ukutani. Aliyenizindua ni baba yangu mdogo, aliyekuja kukaa nasi kwa muda. Aliposikia nikilitamka, aliniuliza, "Mwanangu, manowari imefikaje huku, na bahari iko wapi?" Mzee alikuwa amegusa jambo ambalo mimi mwenyeji sikuliona, kwamba neno letu la manowari, yaani meli ya kivita, limetoholewa kutoka maneno hayo hayo ya Kiingereza. Nilipomweleza kwamba huku ni jina la farasi, na kwamba farasi mwenyewe ana kaburi na sanamu, hakuniamini, nasi tukaamua kwenda.

Kaburi hilo limo ndani ya Kentucky Horse Park, bustani ya serikali ya jimbo yenye ukubwa wa takriban ekari 1,200, kaskazini mwa Lexington, ambako mwenye gari hufika kwa kutoka barabara kuu ya I-75 kwenye njia ya kutokea namba 120. Bustani ilifunguliwa mwaka 1978, na ndani yake mna jumba la makumbusho linaloitwa International Museum of the Horse, mabanda ya mabingwa waliostaafu, na viwanja ambavyo mwaka 2010 vilipokea mashindano ya dunia ya upandaji farasi, ikiwa ni mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika nje ya Ulaya. Mambo hayo yote sitayapima hapa. Ninaitathmini bustani kwa jambo moja tu, yaani kama mahali pa kujifunza maisha ya farasi mmoja wa mbio, na anayetaka kujua kama watoto watafurahi kupanda farasi wadogo atafute maoni ya mwingine.

Tulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza tulilipia nafasi katika gari dogo la kampuni moja ya kutembeza wageni, ambayo sitaitaja, na siku hiyo tulipoteza zaidi ya tulichopata, kwa sababu kiongozi wetu alitupa dakika kumi tu kaburini, akituhimiza kwamba kiwanda cha pombe kinatungoja. Mara ya pili tulikwenda wenyewe, mapema asubuhi, nami nikiwa mkalimani. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Nianze na sanamu, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kabla ya kitu kingine chochote. Ni ya shaba nyeusi, imetengenezwa na mchongaji Herbert Haseltine, na ilisimamishwa mwaka 1948 katika shamba la Faraway, alikoishi farasi huyu, kabla ya kuhamishiwa hapa pamoja na mabaki yake katika miaka ya 1970. Ni kubwa kuliko farasi wa kawaida, na inamwonyesha akiwa amesimama wima, kichwa juu, kana kwamba amesikia sauti mbali. Baba mdogo aliizunguka mara mbili, akasema, "Huyu hakimbii. Huyu anangoja kuletewa maji." Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haki. Haseltine hakumchonga mkimbiaji. Alimchonga dume aliyekwisha kustaafu, anayejua kwamba watu wamekuja kumwona. Mgeni anayetafuta mbio katika shaba hiyo hatazipata, na ndiyo maana inafaa aje akiwa amebeba kisa kichwani.

Kisa chenyewe kinaanza tarehe 29 Machi 1917, katika shamba la Nursery Stud karibu na Lexington, mali ya August Belmont Mdogo, tajiri wa New York ambaye jina la baba yake ndilo linalobebwa na mashindano ya Belmont Stakes. Mtoto huyo wa rangi ya hudhurungi alizaliwa na dume aitwaye Fair Play na jike aitwaye Mahubah, jina ambalo sikio la Mswahili halikosi kusikia mahaba ndani yake. Siku chache baadaye Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Belmont, ingawa alikuwa amevuka umri wa miaka 60, alijiunga na jeshi. Mke wake, Eleanor Robson, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya kuolewa, akampa mtoto wa farasi jina la kumheshimu mumewe: "Man o' War wangu". Neno la umiliki likaanguka baadaye. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa sahihi nusu, kwani maneno hayo ya Kiingereza hubeba meli na hubeba pia mtu wa vita, na Bibi Belmont alimkusudia mtu.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyomtoa mikononi mwao. Mwezi Agosti 1918 Belmont aliwauza farasi wake wa mwaka mmoja katika mnada wa Saratoga, na Samuel Riddle, mwenye viwanda vya nguo huko Pennsylvania, akamnunua huyu kwa dola 5,000. Hakuwa mwepesi wa kufundishwa. Alipigana na tandiko, akawaangusha waliompanda, na alikula kwa pupa kiasi kwamba watunzaji walimwachia lijamu kinywani wakati wa kula ili apunguze kasi. Habari hiyo ya lijamu ilimpendeza baba mdogo kuliko rekodi zote nilizomsomea. Kwetu, kama katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati, mbung'o hawakuwaacha farasi waishi, kwa hiyo mzee hakuwahi kumkaribia farasi maishani mwake. Lakini ulafi wa mnyama wa zizini anaufahamu, na kuanzia hapo Man o' War alikuwa jamaa yake.

Mbio alizokimbia ni 21, na 20 kati ya hizo alishinda. Wageni wengi hukimbilia hesabu hiyo na kuiacha ile moja iliyobaki, ilhali ndiyo inayofundisha zaidi jinsi mchezo huu unavyoendeshwa. Katika mbio za farasi, aliyekwisha kuonyesha ubora huongezewa uzito, kwa kutiwa vipande vya risasi pamoja na matandiko, ili wenzake wapate nafasi. Tarehe 13 Agosti 1919, huko Saratoga, Man o' War mwenye umri wa miaka miwili alibebeshwa ratili 130, karibu kilo 59, na mpinzani aitwaye Upset ratili 115, karibu kilo 52. Wakati huo hapakuwa na vizimba vya kuanzia. Farasi walipangwa nyuma ya utepe, na utepe ulipoinuliwa ndipo mbio zilipoanza. Mwanzo wa siku hiyo ulikuwa mbovu, Man o' War akaachwa, kisha mpanda wake, Johnny Loftus, akajikuta amebanwa ndani na farasi waliomtangulia. Alipopata upenyo umbali uliosalia haukumtosha, naye akashindwa kwa kama nusu ya urefu wa farasi. Baada ya hapo alikutana na Upset tena mara kadhaa, na hakumwachia nafasi nyingine.

Kiongozi wetu wa siku ya kwanza alitueleza kwa kujiamini kabisa kwamba neno la Kiingereza linaloeleza mnyonge kumshinda mwenye nguvu lilizaliwa kutokana na jina la farasi huyo Upset. Si kweli. Neno hilo lilikuwa likitumiwa kwa maana hiyo magazetini tangu karne ya 19, na jina la farasi liligongana nalo kwa bahati tu. Ninaitaja kasoro hii kwa sababu hadithi tamu ya uongo ilichukua dakika mbili kati ya kumi tulizopewa, na mbio za Dwyer hazikutajwa kabisa.

Mbio hizo zilifanyika tarehe 10 Julai 1920 katika uwanja wa Aqueduct, New York. Kufikia wakati huo sifa za Man o' War zilikuwa zimewatisha wenye farasi, hata akabaki mpinzani mmoja tu, John P. Grier, aliyebeba ratili 108 dhidi ya ratili 126 za bingwa. Wawili hao walitoka pamoja na kwenda pamoja, bega kwa bega, hata waliokuwa wakitazama kutoka upande wakaona kama farasi mmoja. Walipoingia katika sehemu ya mwisho, kichwa cha John P. Grier kilitangulia, na watu wakapiga kelele kwamba bingwa amezidiwa. Clarence Kummer, aliyekuwa amempanda Man o' War, hakuwa na desturi ya kumchapa, kwa kuwa haikuwahi kuhitajika. Siku hiyo alimchapa. Farasi akajibu, akamwacha mwenzake, akamaliza mbele kwa urefu wa farasi mmoja na nusu, na muda wake ulikuwa rekodi. Kama ningeombwa kuchagua dakika mbili tu za maisha yake za kusimuliwa mbele ya lile kaburi, ningechagua hizi, maana hapa ndipo alipoulizwa swali zito kuliko yote.

Ushindi mwingine wa mwaka huo ni mkubwa kwa tarakimu, na kwa sababu hiyo hiyo hausisimui sana. Alishinda Preakness. Alishinda Belmont kwa urefu wa farasi 20. Katika Lawrence Realization, mpinzani wake wa pekee aliachwa kwa zaidi ya urefu wa farasi 100, umbali ambao ungewawezesha watu kutandika meza na kunywa chai kati yao. Katika Potomac Handicap alibebeshwa ratili 138 na akashinda. Mashindano maarufu kuliko yote, Kentucky Derby, hakuyakimbia kamwe, kwani Riddle aliamini kwamba umbali wake ni mrefu mno kwa farasi wa miaka mitatu mwanzoni mwa Mei. Ni ajabu kidogo kwamba jimbo lililoyafanya mashindano hayo kuwa karibu ibada limempa heshima yake kuu farasi ambaye hakuwahi kuyashiriki.

Mbio za mwisho zilikuwa tarehe 12 Oktoba 1920, mjini Windsor, Kanada, dhidi ya Sir Barton, aliyekuwa ameshinda Derby, Preakness na Belmont mwaka uliotangulia. Man o' War alimwacha kwa urefu wa farasi saba. Kisha Riddle akamuuliza Walter Vosburgh, aliyekuwa na kazi ya kupanga mizigo ya farasi, angempa uzito gani iwapo angeendelea kukimbia mwaka uliofuata, naye akajibiwa kwamba ungekuwa mzito kuliko wowote aliowahi kupangiwa farasi. Riddle akamstaafisha.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu, na mimi naona ndipo sehemu nzuri zaidi inapoanza. Man o' War alirudi Kentucky na kuishi miaka mingine 26, kwanza chini ya uangalizi wa Elizabeth Daingerfield, mwanamke aliyesimamia shamba la farasi wakati ambapo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Watu walimiminika Faraway kumtazama kama wanavyomiminika kwa mganga mashuhuri. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliyewapokea alikuwa saisi wake, Will Harbut, Mmarekani mweusi ambaye usimulizi wake ulikuwa nusu ya ziara. Harbut alikuwa akiwapitisha wageni mbele ya madume mengine kwa maneno machache, kisha akafika kwenye kizimba cha Man o' War na kuanza kumsoma kama mtu asomaye majigambo: mbio kwa mbio, rekodi kwa rekodi, huku farasi amesimama ameelekeza masikio yake kwake. Hakusimulia kama mwajiriwa. Alisimulia kama mzee wa ukoo anayetaja nasaba yake.

Mwaka 1946 Harbut alipatwa na kiharusi, na mnamo Oktoba 1947 akafariki. Jarida la The Blood-Horse lilipotangaza kifo chake, liliorodhesha waliosalia: mke wake, watoto wake, na Man o' War. Farasi naye alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 1 Novemba 1947, kabla mwezi haujaisha tangu saisi wake azikwe. Mwili wake ulitiwa dawa usioze, ukawekwa katika jeneza lililotandikwa kitambaa cha rangi za Riddle, nyeusi na njano, na watu wapatao 2,000 wakahudhuria mazishi yaliyotangazwa redioni nchi nzima. Nilipomaliza kutafsiri haya, baba mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na Harbut, alitangazwa redioni?" Nilimjibu kwamba kifo chake kiliandikwa jaridani, kama nilivyomsomea. Akasema, "Haya," kwa namna ile ya wazee wetu ambayo haimaanishi kwamba wamekubali.

Kuzunguka sanamu wamezikwa baadhi ya watoto wake, na kati yao War Admiral, aliyeshinda mashindano yote matatu makubwa, yaani Derby, Preakness na Belmont, mwaka 1937. Mwingine, Battleship, alivuka bahari na kushinda Grand National ya Uingereza mwaka 1938. Seabiscuit, aliyemshinda War Admiral huko Pimlico tarehe 1 Novemba 1938, alikuwa mjukuu wake kupitia Hard Tack, kwa hiyo pambano lile ambalo Wamarekani wanalikumbuka hadi leo lilikuwa la mtu na mtoto wa kaka yake. Hata hivyo Riddle anastahili lawama hapa. Kila mwaka aliruhusu majike wachache tu wapandwe na Man o' War, karibu 25, na wengi wao walikuwa wa kwake mwenyewe, wala hawakuwa bora kuliko wote nchini. Inasimuliwa kwamba alikataa dola milioni moja za tajiri mmoja wa Texas aliyemtaka farasi huyu, lakini mali aliyokataa kuiuza hakuitumia ipasavyo. Kwamba damu hiyo bado ipo viwanjani, kupitia mwanawe War Relic hadi kwa Tiznow, aliyeshinda Breeders' Cup Classic mwaka 2000 na 2001, inamtangaza farasi zaidi ya mmiliki wake.

Hatua chache kutoka kwenye sanamu kuna kaburi jingine, ambalo gari la kampuni lilitupitisha bila neno. Ni la Isaac Murphy, mpanda farasi mweusi aliyezaliwa mwaka 1861 na kushinda Kentucky Derby mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Katika Derby ya kwanza kabisa, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi. Baadaye walisukumwa nje ya mchezo hata majina yao yakafutika. Murphy alikufa mwaka 1896 na kuzikwa katika makaburi ya Waafrika ya Lexington, yanayoitwa African Cemetery No. 2, ambako kaburi lake lilisahaulika hadi Frank Borries alipolitafuta na kulipata katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 mabaki yake yakahamishiwa kando ya Man o' War, na yalipohama ya farasi nayo yakahama.

Nimelitafakari jambo hili mara zote mbili nilizosimama pale. Wapo wanaosema kwamba bila uhamisho huo mgeni wa leo asingemjua Murphy, na hilo sina la kulipinga. Lakini mke wake, Lucy, alibaki kule alikozikwa, naye Murphy, aliyekufa miaka 21 kabla Man o' War hajazaliwa na asiyemgusa hata hatamu, amelazwa pembeni ya farasi asiyemjua. Baba mdogo hakuhitaji maelezo marefu. Aliuliza tu kama ukoo uliulizwa. Kwangu mimi kaburi hilo dogo ndilo sababu ya kuipa ziara hii thamani ya juu, kwa kuwa mtu akisimama kati ya makaburi hayo mawili anaona historia nzima ya mchezo huu wa Kentucky: nani alipanda, nani alitunza, nani alimiliki, na nani alijengewa sanamu.

Kwa upande wa huduma, hukumu yangu ni hii. Bustani ni pana, na kutembea ni kwingi, hivyo mwenye mzee wa magoti mabovu apange kupumzika. Msimu wa joto ndio unaofaa kwa anayetaka kuona pia maonyesho ya farasi hai. Anayekuja kwa ajili ya Man o' War peke yake atosheke na muda wa saa tatu: aanze kaburini asubuhi kabla makundi ya watoto wa shule hayajafika, akae kwa Murphy, kisha aingie katika jumba la makumbusho jua linapopanda. Asiyejua Kiingereza aje na kijana wa kumsomea. Ninaipa ziara ya kujitegemea nyota tano kati ya tano, na ile ya gari dogo ninaipa mbili, moja ikiwa ya dereva, aliyeendesha kwa adabu. Baba mdogo amekwisha kusema kwamba mwezi ujao anataka kupelekwa kwanza African Cemetery No. 2, halafu ndipo arudi kwa Manowari.